Gro wa Hallingdal kwa Kiswahili: shajara ya kijitabu chetu

Februari 8

Kazi imeanza. Kikundi chetu cha akina mama wanaosoma pamoja hapa Des Moines kimekubaliana kwamba kijitabu kijacho kiwe cha maisha ya Gro Svendsen, mwanamke wa Norwe aliyehamia Iowa, Marekani, mwaka 1862, akalima na mumewe Ole karibu na mji wa Estherville, kaskazini mwa jimbo hili, mpaka alipofariki mwaka 1878 akiwa na umri wa miaka 37.

Wengine walitaka tuandike habari za mtu mkubwa, gavana au jenerali. Nilimtetea Gro kwa sababu moja kuu: alikuwa mke wa mkulima aliyejua kuandika, na barua alizowapelekea wazazi wake zimehifadhiwa. Chama cha Historia cha Wanorwe wa Marekani, chenye makao yake Northfield, Minnesota, kilizichapisha kwa Kiingereza mwaka 1950. Wanawake wa mashambani wa karne ile tunawaona zaidi kwenye picha, wamesimama kimya nyuma ya viti vya waume zao. Huyu anaeleza mwenyewe siagi inauzwaje na nzi wanasumbua kiasi gani.

Halafu kuna mto. Mto Des Moines tunaouvuka tukienda kazini ndio huohuo unaopita Estherville kabla ya kutufikia sisi. Nilipolitaja hilo kwenye kikao, mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa hajasema neno tangu tuanze aliinua kichwa akasema, "Basi ni jirani yetu wa juu."

Utaratibu tuliokubaliana: herufi kubwa, sura fupi fupi, michoro, na kila sura irekodiwe kwa sauti ili wasiosoma wasikilize kwenye simu. Barua zenyewe hatuzitafsiri, maana tafsiri ya Kiingereza ina wenyewe. Tunasimulia maisha kwa maneno yetu.

Februari 23

Sura ya kwanza, "Kwao", iko tayari.

Gro alizaliwa mwaka 1841 huko Ål, kwenye bonde la Hallingdal. Norwe ni nchi ya milima, misitu na mawe. Ardhi inayolimika haifiki hata sehemu 5 katika 100. Watoto walianza kuishi wengi kuliko zamani, mashamba hayakuongezeka. Mwaka 1825 mashua moja, Restauration, ilitoka Stavanger na watu 52 ikaelekea New York, na katika miaka 100 iliyofuata Wanorwe wapatao 800,000 wakaondoka.

Nimetumia nafasi kubwa kueleza malisho ya milimani, na nitaitetea nafasi hiyo mhariri akitaka kupunguza. Kila kiangazi wanawake na wasichana wa mabonde kama Hallingdal walipanda na ng'ombe na mbuzi hadi juu mlimani, wakakaa huko wiki nyingi kwenye vibanda vya magogo. Walikamua, wakaengua malai, wakasuka siagi, wakachemsha maziwa mpaka yakawa jibini la kuliwa majira yote ya baridi. Wanaume walibaki chini wakikata nyasi. Maziwa yalikuwa milki ya wanawake: wao ndio waliojua lini yamefikia, wapi pa kuyahifadhi, chumvi kiasi gani. Binti hakufundishwa hayo darasani. Aliyashika mikononi mwa mama yake.

Nimekulia Rungwe, kwenye baridi na maziwa, kwa hiyo sehemu hii imenitoka haraka.

Machi 15

Tumerudi kutoka Decorah, upande wa kaskazini-mashariki wa Iowa. Pale kuna Vesterheim, jumba la makumbusho la Wanorwe wa Marekani ambalo mkusanyiko wake ulianza mwaka 1877 chuoni Luther. Lilikuwepo basi Gro akiwa bado hai.

Tuliyapitia masanduku polepole. Ni makubwa, ya mbao, mengine mtoto anaweza kulala ndani. Pembe zimefungwa kwa vyuma, mshikio wa kubebea uko kila upande, na mbele yamechorwa maua yenye mashina yaliyopinda pinda, rangi ya samawati na nyekundu iliyofifia. Katikati ya maua kuna jina la mwenyewe na mwaka. Yaliyotumika safarini yana pia jina la mji wa kufikia, limeandikwa kwa rangi nyeusi juu ya yale maua, bila kuyahurumia.

Mama wa Uvira aliuliza mhudumu walitia nini ndani. Nguo za sufu, vitabu vya dini, vyombo vya kazi, na chakula. Hilo la chakula liliwashangaza wenzangu. Enzi za meli za matanga abiria alijibebea chakula chake mwenyewe cha wiki kumi hivi: nyama kavu, siagi, jibini gumu, na mikate myembamba mikavu, mfano wa chapati iliyokaushwa mpaka ivunjike mkononi. Chombo kilitoa maji na mahali pa kuwasha moto, na hapo mekoni foleni na ugomvi havikwisha. Meli nyingi zilizotoka Norwe miaka ile zilishusha watu Quebec, Kanada, kisha wakapanda mashua za mito na maziwa, wakashika reli, wakamalizia na mkokoteni wa maksai.

Tumekubaliana mchoro wa jalada uwe sanduku, si meli. Meli ilikuwa ya watu wengine. Sanduku lilikuwa lake.

Aprili 5

Sura ya maziwa. Nimeiandika upya mara nyingi kuliko sura nyingine yoyote na leo nimeisoma mbele ya kikundi.

Habari yenyewe ni hii. Gro anafika Iowa akiwa bibi harusi, na miongoni mwa mambo ya mwanzo kuwaandikia wazazi wake ni kwamba maziwa hayakai. Nyumbani alikuwa amesikia kwamba Marekani maziwa hayahifadhiki kama kwao, akashindwa kuelewa. Sasa ameona kwa macho. Kiangazi kina joto kali, nzi na wadudu wametanda. Ameambiwa kwamba anayetengeneza jibini wakati huo atalikuta linatembea kwa mabuu. Siagi lazima itiwe chumvi au izamishwe kwenye maji ya chumvi. Nyama ya nguruwe vilevile. Aliye karibu na mji ni heri auze siagi upesi, na bei majira yale ilikuwa senti 8 hadi 10 kwa ratili. Ndiyo maana, anasema, watu huko hawafugi ng'ombe wengi. Maziwa yakizidi wanapewa nguruwe.

Fikiria binti wa Hallingdal anayaandika hayo. Kule kwao maziwa yalikuwa chakula cha mwaka mzima na heshima ya mwanamke. Huku yanamwagwa kwenye hori la nguruwe. Hakupoteza ng'ombe, wala nyasi, wala nguvu za mikono. Hewa tu ilikuwa nyingine, na elimu yake yote ikageuka kitu cha kujifunza upya. Hili ndilo ninalotaka kijitabu kizima kilibebe. Watu wakisimulia uhamiaji huhesabu ardhi na pesa. Mwanamke wa shamba alihama na ujuzi, na ujuzi ndio mali ya kwanza iliyojaribiwa alipofika.

Baada ya kusoma palikuwa kimya kidogo, kisha wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja alikuwa akilima mpunga bonde la Ruzizi. Anajua maji ya shamba kwa kuyatia mguu. Hapa anafanya kazi kiwanda cha nyama, amesimama kutwa na kisu. Mwingine, Mrundi aliyelelewa kambi ya Nyarugusu, ana kijishamba kwenye bustani za wakimbizi pembeni mwa jiji. Analima lengalenga na nyanya chungu, na anasema mwaka wa kwanza alipanda kwa hesabu za Kigoma, theluji ikamkuta mboga bado shambani. Sasa anaotesha miche ndani, dirishani, mwezi huu wa Aprili. Nimemwomba aeleze hayo kwa sauti yake na tuyaweke mwishoni mwa rekodi ya sura hii. Amekubali, ila hataki jina.

Aprili 19

Sauti za sura mbili zimerekodiwa. Friji ya ukumbini inanguruma, tumeizima. Hakuna zaidi.

Mei 10

Sura ya radi na moto.

Gro aliwaandikia wazazi wake kwamba mvua ya huku haiji bila radi, na radi yenyewe unaweza kudhani ni kiama: mbingu yote inawaka, miti mikubwa ya mwaloni inapasuka vipande, watu na mifugo wanauawa. Usiku wa Juni nao ni wa giza, tofauti na kwao ambako kiangazi jioni haitaki kuisha. Kuna nyoka pia, wakiwemo wale wenye njuga mkiani. Na kuna moto wa mbugani.

Iowa ya leo ni mahindi na soya mpaka upeo wa macho, ni vigumu kuamini kwamba kaskazini yake ilikuwa nyasi tupu. Nyasi zile zilikauka kila vuli, zikawaka. Zilizosalia zikawaka tena majira ya kuchipua. Moto ukisukumwa na upepo, anasema Gro, unamshinda mbio farasi mwepesi. Msafiri hakuthubutu kutoka bila kiberiti: moto ukimjia, anawasha wake mwenyewe mbele yake, nyasi zinaungua, anasimama pale palipokwisha kuungua.

Mchoraji wetu, kijana wa mama mmoja wa kikundi, aliyezaliwa na kusoma hapa, alileta mchoro wa wanaume waliopanga mstari na ndoo za maji. Akina mama waliutazama wakatikisa vichwa. "Mwanangu, moto wa majani hauzimwi na ndoo," bibi mmoja wa Fizi akamwambia, kisha akamwonyesha juu ya meza, kwa vijiti na kitambaa, unavyouachia upepo mgongoni, unavyochoma ukanda mwembamba, unavyopiga kingo kwa matawi mabichi. Kijana akachora alivyoelekezwa. Mchoro mpya una mwanamke na tawi mkononi, uso umefunikwa kwa kitambaa. Sijaona mchoro bora katika kazi hii yote.

Juni 7

Mwezi mgumu, na ilikuwa lazima uwe mgumu.

Swali lilitoka kwa mama yule wa Ruzizi: "Waliokuwa wakilima pale kabla yake walikwenda wapi?"

Jibu tumelitafuta na sasa ni sura nzima. Ardhi ya kusini mwa Minnesota na kaskazini mwa Iowa ilikuwa ya Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mwaka 1851 walitia saini mikataba ya Traverse des Sioux na Mendota wakaachia mamilioni ya eka, wakabakiwa na ukanda kando ya mto Minnesota na ahadi ya malipo ya kila mwaka. Kiangazi cha 1862 malipo yalichelewa, chakula kilikuwa ghalani na watu walikuwa na njaa. Agosti vita vikaanza. Mamia ya walowezi waliuawa, wakiwemo Wanorwe wengi. Desemba 26 mwaka huohuo, mjini Mankato, wanaume 38 wa Dakota walinyongwa pamoja kwa siku moja, na mwaka 1863 Bunge la Marekani likafuta mikataba na kuamuru Wadakota waondolewe Minnesota. Mwaka huo pia Ole na Gro walikwenda Estherville, mji uliokuwa na ngome ya askari kwa sababu ya vita hivyo.

Gro alifika Marekani mwaka uleule wa vita, na barua yake ya majira hayo ni kali. Aliwaandikia wazazi kwamba haitoshi kuwashinda Wadakota. Aliona hata mmoja wa walioshiriki asiachwe hai, na alihofu wataadhibiwa kidogo.

Baadhi yetu walitaka maneno hayo yaachwe. Tumeshampenda, walisema, na wasomaji wetu watamchukia. Nilisikiliza, lakini nilishikilia yaingie, na mwishowe wengi waliona hivyo. Tunaosoma kijitabu hiki wengi wetu tulikimbia mashamba ambayo leo yanalimwa na wengine. Tukimsafisha Gro tutakuwa tumewafuta Wadakota mara ya pili, tena kwa Kiswahili. Alikuwa binti wa miaka 21, mgeni, mwenye hofu ya kweli kwa sababu walowezi kama yeye walikuwa wameuawa. Pia alitaka watu wafe na akaiandika hiyo kwa mwandiko mzuri. Yote mawili yako kwenye ukurasa mmoja, na tumekataa kuweka neno "lakini" katikati yake.

Julai 12

Hati ya shamba. Sura fupi lakini imezua mjadala mrefu.

Sheria ya kugawa mashamba (Homestead Act) ya Mei 1862, iliyoanza kutumika Januari 1, 1863, ilimpa mkuu wa kaya eka 160, yaani karibu hekta 65, kwa ada ndogo, mradi ajenge nyumba, alime na akae miaka mitano. Mgeni aliruhusiwa kuomba akishatangaza nia ya kuwa raia. Mjane aliweza kuomba, msichana asiyeolewa mwenye miaka 21 aliweza. Mke aliye na mume nyumbani hakuweza kuomba kwa jina lake.

Sasa weka kando ya sheria hiyo malalamiko ya Gro mwenyewe. Huko nyumbani husemwa, aliandika, kwamba wanawake wa Marekani wana nafasi ya kupumzika. Yeye hajakutana na hata mmoja anayekubali hivyo. Mama mwenye nyumba huku ni mpishi, ni mtumishi wa ndani, ni msimamizi wa nyumba, na kazi ya watu hao watatu lazima aifanye vizuri kama wao watatu. Nilipolisoma hili, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Dada mmoja anayefanya zamu ya usiku alisema tu, "Mwambieni nimepokea barua yake."

Na mwaka 1864 Ole akachukuliwa jeshini, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa havijaisha, akarudi mwaka 1865. Majira yote ya baridi yale Gro alibaki na watoto wadogo, mifugo na shamba, kwenye mbuga ambako jirani hayuko karibu. Miaka mitano ya kukaa na kulima ambayo sheria ilidai, basi, ilikuwa ya watu wawili, na sehemu yake ilikaliwa na mke peke yake. Mhasibu wetu wa kikundi, ambaye hajawahi kusisimka kwa historia, alipendekeza tuchore hati yenyewe kwenye ukurasa wa kati ikiwa na nafasi ya jina moja tu. Tunafanya hivyo.

Agosti 16

Nzige. Miaka ya 1873 hadi 1877 walishuka kutoka upande wa Milima ya Rocky wakala Minnesota, Iowa ya kaskazini-magharibi, Nebraska, Kansas na Dakota. Hasara haikuwa ya siku moja. Walitaga ardhini, na majira ya kuchipua tunutu wakatoka kabla ngano haijafika magotini. Watu walihama, wengine wakaomba msaada wa serikali kwa aibu kubwa. Spishi ile ilitoweka kabisa. Nzige wa mwisho wa aina hiyo kuonwa hai walikusanywa mwaka 1902.

Dada mmoja wa Isiolo aliyeona nzige wa 2020 ametusaidia kueleza sauti yao wakila, ile ya mvua isiyonyesha. Nimeyatumia maneno yake yalivyo.

Septemba 20

Sura ya mwisho imeandikwa, na ndiyo fupi kuliko zote.

Katika miaka 16 ya Marekani Gro alizaa watoto kumi. Alifariki mwaka 1878, muda mfupi baada ya kumzaa wa kumi. Mwenzetu mmoja ni mkunga, alisomea Bujumbura na sasa anafanya kazi hospitalini hapa. Alikaa nami jioni moja akanieleza kinachomuua mwanamke baada ya uzazi wa kumi: mfuko wa uzazi uliochoka haukazi, damu haikatiki, au homa ya uzazi inaingia, na dawa ya kuitibu haikuwepo enzi zile. Sijaandika ni lipi lilimpata Gro. Nimeandika idadi ya uzazi, miaka, na umbali kati ya shamba na shamba, na mkunga ameongeza chini ya ukurasa dalili za hatari ambazo kila mama wa kikundi anapaswa kuzijua, pamoja na kuombewa mkalimani wa Kiswahili hospitalini, ambayo ni haki yake.

Yaliyobaki: kusahihisha tahajia, kurekodi sura tatu za mwisho, na kumpelekea mchapishaji faili yenye michoro. Ukurasa wa Wadakota utachapwa kwa herufi kubwa ileile ya kurasa nyingine. Kikundi kimeamua nakala za kwanza ziende maktaba ya umma ya Estherville na Vesterheim, nyingine zigawiwe bustanini siku ya kuvuna lengalenga, kabla theluji haijaanza.